Mnofu kwa baba, mchuzi kwa mtoto: nyama nyingi yamdhuru nani?

Kilo moja ya nyama ya mbuzi ikinunuliwa Langoni, kisiwani Lamu, au Muyeye kule Malindi, na chungu kikawa cha watu sita, mgao wake hujulikana kabla haijaiva. Minofu ni ya baba, na ya mgeni akiwapo. Vijana hugombea kinachosalia. Mama humalizia mifupa. Mtoto wa mwaka mmoja hurowekewa wali kwa mchuzi, kwa imani kwamba nguvu yote ya nyama imeshukia kwenye supu.

Swali la kama nyama nyingi ina madhara lafaa lianzie kwenye sahani hizo, maana chini ya paa moja huweza kuwapo mtu anayejidhuru kwa kuila kupita kiasi na mwingine anayedhoofika kwa kuikosa. Ushauri wa "punguzeni nyama" ukitolewa kwa nyumba nzima humfaa mmoja ukamponza mwenziwe.

Nyama ipi hasa?

Wataalamu wa saratani wakisema nyama nyekundu wanakusudia msuli wa mnyama anyonyeshaye: ng'ombe, mbuzi, kondoo, na kwa hivyo ngamia naye yumo. Kuku hayumo, samaki hayumo. Wekundu wenyewe hautokani na damu. Mnyama akichinjwa vizuri damu nyingi hutoka, lakini ndani ya msuli hubaki myoglobini, protini yenye madini ya chuma inayoutunzia msuli oksijeni, na hiyo ndiyo inayoipa nyama rangi. Yafaa kulisema hili waziwazi kwa sababu wako wanaoamini kuwa nyama iliyochinjwa kisheria ikavuja damu yake imesalimika na hoja zote za madaktari. Kuchinja vyema kuna manufaa yake, ila myoglobini hakuiondoi.

Nyama ya kusindikwa ni kundi jingine. Ni ile iliyokolezwa chumvi, kukaushwa kwa moshi, kuchachushwa, au kutiwa dawa za kuhifadhi kama nitriti. Hapa pwani ni soseji na smoki za vigari vya stendi, pamoja na nyama nyembamba za pakiti kutoka supamaketi. Kuandikwa kuwa ni ya ng'ombe, au kuwa ni halali, hakubadili jambo. Chumvi na nitriti ni zile zile. Nyama uliyoisaga mwenyewe ukaitia kwenye sambusa au kababu haimo, kwa kuwa kusaga peke yake si kusindika.

Oktoba 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliwakutanisha wataalamu 22 kutoka nchi 10. Walipitia tafiti zaidi ya 800. Nyama ya kusindikwa wakaiweka Kundi la 1, la vitu vyenye ushahidi wa kutosha kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Hapa ni saratani ya utumbo mpana. Nyama nyekundu isiyosindikwa ikawekwa Kundi la 2A, la vitu ambavyo yaelekea husababisha.

Sigara nayo imo Kundi la 1, na papo hapo vikazuka vichwa vya habari kuwa soseji ni sawa na sigara. Makundi hayo hupima uhakika wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Una hakika kuwa siafu anauma na una hakika kuwa swila anauma. Hakika ni moja, sumu ni mbalimbali.

Ukubwa wa hatari ni huu: kwa kila gramu 50 za nyama ya kusindikwa zinazoliwa kila siku, uwezekano wa saratani ya utumbo mpana huongezeka kwa takriban 18%. Gramu 50 ni kama soseji moja. Wengi husoma hapo kuwa walaji 18 kati ya 100 wataugua. Sivyo. Chukua mfano wa mahali ambapo watu 50 katika 1,000 hupata saratani hiyo maishani mwao. Asilimia 18 ya hao 50 ni watu 9, kwa hivyo 50 huwa 59. Tisa kwa elfu si wa kudharauliwa, wala si tishio la kumkosesha usingizi aliyekula smoki mbili juzi. Neno la kushika ni "kila siku". Dereva wa bodaboda ambaye smoki na kachumbari ndiyo chakula chake cha mchana, Jumatatu hadi Jumamosi, yumo katika hesabu hiyo.

Kilo ikitoka jikoni

Kwa nyama nyekundu isiyosindikwa, shirika la World Cancer Research Fund limeweka mpaka wa milo kama mitatu kwa wiki, jumla yake gramu 350 hadi 500 zikiwa zimepikwa. Nyama hupoteza maji na mafuta motoni, kwa hivyo hizo hutoka kwenye gramu 525 hadi 750 mbichi.

Turudi kwenye kilo yetu. Ikiwa ni steki tupu, huiva ikabaki kama gramu 700, na kwa watu sita ni gramu 115 hivi kila mmoja. Nyumba inayopika hivyo mara tatu au nne kwa wiki haijavuka mpaka. Ikiwa ni mbuzi na mifupa yake, robo ya uzani waweza kuiondoa papo hapo, na fungu la mtu likashuka chini ya gramu 90. Kwa hiyo ukipima kwa nyumba, nyumba nyingi ziko salama. Lakini nyumba haina tumbo. Anayevuka mpaka ni mtu mmoja mmoja: aliyekula minofu ya watu wawili mchana, usiku akaketi kwenye jiko la mishkaki akamaliza vijiti sita. Tuseme kila kijiti kina gramu 40 za nyama iliyoiva. Sita ni gramu 240. Akirudi kesho yake, kwa mishkaki pekee amefika gramu 480, na wiki bado ina siku tano.

Siku tatu za Idi, nyama ya udhia ikagawanywa nyumba kwa nyumba, haziamui jambo hili. Saratani na moyo huhesabu miaka. Yanayowapata watu Idi ni mengine: kukosa choo kwa kuwa nyama haina ufumwele hata chembe, maumivu ya ubavu wa kulia kwa mwenye mawe kwenye kibofu cha nyongo, na tumbo la kuendesha kutoka kwenye sufuria kubwa la pilau lililolala nje. Kwa joto la pwani, pilau la nyama lisipate saa mbili nje ya jiko au friji, na likiwa juani saa moja ni nyingi. Sufuria kubwa halipoi katikati; ligawanye kwenye sinia zilizo wazi kabla ya kuliweka kwenye baridi.

Mpaka huo wa gramu 500 haukupita bila ubishi. Mwaka 2019 jopo la watafiti lilichapisha katika jarida la Annals of Internal Medicine pendekezo kwamba watu wazima waendelee kula nyama kama walivyozoea, likikiri lenyewe kuwa pendekezo ni dhaifu na ushahidi ni wa uhakika mdogo. Wataalamu wengi walilipinga vikali. Mwaka huo huo EAT-Lancet, tume ya wataalamu wa lishe na mazingira, ilivutia upande wa pili: wastani wa gramu 14 kwa siku, yaani chini ya gramu 100 kwa wiki. Tafiti karibu zile zile, majawabu mawili.

Sababu ni aina ya tafiti. Hakuna awezaye kuwafungia watu miaka ishirini, hawa wakilishwa nyama na wale kunde, ili aone nani ataugua. Kinachofanyika ni kuwauliza watu wanakula nini, kisha kuwafuatilia. Na mla nyama nyingi huko Marekani mara nyingi ndiye pia anayevuta sigara zaidi, mnene zaidi, mvivu wa mazoezi na wa mboga. Watafiti hujaribu kuyatenga hayo kwa hesabu, lakini hayatengeki yote. Tena tafiti nyingi ni za Marekani, Ulaya na Asia. Mbuzi aliyejitafutia majani nyikani bara ya Malindi kwa kawaida ana mafuta machache kuliko ng'ombe aliyenoneshwa zizini. Kwa jumla, gramu 350 hadi 500 ndizo zenye mantiki kwa mtu mzima wa huku: zinamwachia pilau na mchuzi wake, na zinamzuia wa vijiti sita.

Shahamu, samli, na tui

Upande wa moyo ushahidi una nguvu zaidi, kwa sababu hapa kumefanywa majaribio hasa. Mafuta yanayoganda yakipoa, kama shahamu na samli, hupandisha lehemu mbaya (kolestro) kwenye damu, na lehemu hiyo huziba mishipa. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku. Kwa anayekula kalori 2,000 ni kama gramu 22. Kijiko kikubwa kimoja cha samli kina gramu 8 hivi. Kwa hiyo biriani laweza kupikwa kwa steki safi isiyo na doa la shahamu, na bado gramu 22 zikaisha kwenye vitunguu vya kukaanga na samli iliyonyunyizwa juu ya wali.

Hapo ndipo ushauri ulionakiliwa kutoka ugenini hukosea pwani. Mtu huambiwa aache nyama ale samaki, akaenda kula samaki wa kupaka. Mililita 100 za tui zito zaweza kuwa na gramu 15 hadi 20 za mafuta ya aina ile ile ya kuganda. Kula samaki wa kupaka si kosa. Kosa ni kudhani kuwa umekimbia mafuta. Pika kwa tui la pili au la tatu, na lile zito litie mwishoni, vijiko viwili vitatu, kwa ajili ya harufu na ladha. Kwa nyama, shahamu itolewe kwa kisu ikiwa bado mbichi. Mchuzi ukipikwa jioni ukalala kwenye friji, mafuta hupanda juu yakaganda kama sahani, na asubuhi unayainua yote kwa kijiko. Kazi ya dakika moja.

Na ndimu haikati mafuta. Uchachu wake hukata utelezi wa mafuta ulimini, ndiyo maana nyama nono yenye ndimu huliwa nyingi zaidi. Mafuta yenyewe yameingia tumboni kama yalivyokuwa. Vivyo hivyo maji ya moto baada ya chakula.

Jiko la mishkaki

Nyama ikipata joto kali, nyuzi 150 na zaidi, protini zake na kriatini ya msuli huungana zikatoa kemikali ambazo zimewapa wanyama wa maabara saratani. Kuna nyingine zinazoletwa na moshi: mafuta yanadondoka kwenye kaa, yanaungua, moshi unapanda ukaganda juu ya nyama. Kwa binadamu ushahidi haujakamilika, lakini kinga yake ni rahisi mno hata kuibishia ni kupoteza muda. Kuku na samaki wa kuchoma nao wamo hapa, kwa kuwa moto hauchagui.

Mpishi wa mishkaki wa Lamu kwa desturi tayari anafanya nusu ya kinga. Vipande vidogo, kama inchi moja, huiva ndani kabla nje haijaungua. Kuloweka kwenye ukwaju au ndimu, thomu na tangawizi kwa saa mbili hadi usiku kucha hupunguza kemikali hizo. Papai bichi la kulainishia litiwe nusu saa ya mwisho tu. Likikaa sana nje ya nyama huwa uji na ndani hubaki ngumu, na ule uji ndio unaoungua kwanza.

Yanayoharibu ni matatu. La kwanza ni haraka: nyama inawekwa kaa likiwa bado lina ndimi za moto. Ngoja livikwe jivu. La pili ni kipande cha shahamu kinachochomekwa kati ya minofu ili kulainisha, na mafuta ya kupaka yanayorudiwa kila mara. Kila tone ni moshi. Kaa lisukumwe pembeni, nyama ikae mahali mafuta hayaliangukii. La tatu ni kuiacha ikae upande mmoja. Igeuze kila dakika moja hivi. Paja zima la mbuzi lichemshwe kwanza kidogo, kisha lipitishwe motoni kwa rangi na harufu. Pakiwa peusi, kata utupe. Wale wanaosema utamu uko hapo wanasema kweli, lakini pana gharama.

Supu na vidole vya mguu

Jongo ni ugonjwa wa asidi ya yuriki inayoganda kama vioo kwenye viungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, mara nyingi usiku. Asidi hiyo hutokana na purini, kemikali za asili zilizojaa kwenye maini, figo, moyo na wengu. Purini huyeyuka majini. Ukichemsha nyama, sehemu kubwa huhamia kwenye supu. Mgonjwa wa jongo anayeacha nyama akanywa bakuli la supu kila asubuhi amebadilisha chombo tu. Na kumhamishia baharini kiholela hakumsaidii: dagaa, vibua na kamba wana purini nyingi pia. Changu au tafi kwa kiasi, maji ya kutosha, na kuacha soda na pombe vitamfaa zaidi, pamoja na dawa za daktari.

Figo nazo husemwa sana. Mwenye figo nzima haharibiwi na mlo wa nyama. Mwenye figo zilizokwisha kudhoofika, na wengi wao ni wagonjwa wa kisukari na presha ambao hawajui, kwa kawaida huwekewa mpaka wa gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 70 ni gramu 56 kwa siku. Gramu 100 za nyama iliyoiva zina protini gramu 26 hivi, kwa hivyo vipande viwili vikubwa vimekwisha kumfikisha. Kipimo cha kriatinini, taka ambayo figo huichuja, kwenye damu na cha protini kwenye mkojo ndivyo vya kumwambia yuko wapi.

Anayebadilisha nyama kwa samaki achague pia. Papa, sulisuli na nduaro ni wanyama wakubwa wanaokula samaki wengine maisha marefu, wakalimbikiza zebaki mwilini. Mjamzito na mtoto mdogo wawaache, hata kama Malindi ni maarufu kwao. Ng'onda walowekwe na maji yabadilishwe mara mbili tatu, kwani chumvi ya siku nzima haipasi kuzidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka na samaki kupanda bei, mbaazi, kunde na mayai hujaza pengo vizuri kuliko soseji.

Yule wa mchuzi

Imebaki sahani ya mtoto. Chuma cha nyama kimo ndani ya nyuzi za msuli. Mchuzi huchukua ladha, chumvi, mafuta na zile purini, lakini chuma na protini hubaki karibu zote kwenye mnofu. Supu basi ina kinachomuumiza mzee wa jongo na haina anachokihitaji mtoto.

Na mahitaji yake ni makubwa. Akiba ya chuma aliyozaliwa nayo hupungua sana afikapo miezi sita, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Kati ya miezi 7 na 12 anahitaji miligramu 11 kwa siku. Baba yake, mtu mzima mwenye misuli, anahitaji 8. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linataka watoto wa miezi 6 hadi 23 wale nyama, samaki au mayai kila siku. Kipande cha ukubwa wa kiberiti, kama gramu 30, kinatosha kwa mlo: kipikwe hadi kilainike, kikatwe kukingamana na nyuzi, kitwangwe kwenye kinu, kichanganywe na wali au viazi. Maini ni bora zaidi kwa chuma, lakini kiberiti kimoja kwa wiki. Mjamzito asiyaendekeze, kwa kuwa yana vitamini A nyingi mno inayoweza kumdhuru aliye tumboni.

Kwa nini nyama hasa, na mbaazi zina chuma? Chuma cha nyama mwili hukichukua kwa asilimia 15 hadi 35, cha mimea kwa asilimia 2 hadi 20, kutegemea kilichoandamana nacho. Nyama kidogo ndani ya kunde huvuta hata kile chuma cha kunde. Chai hukifunga, mbaazi na mahamri kwa chai ya rangi ni kifungua kinywa kinachojinyang'anya chenyewe. Chai ingoje saa moja. Hapa ndipo ndimu inapofanya kazi ya kweli, maana vitamini C yake hufungua kile ambacho chai inafunga, mradi ikamuliwe chungu kikiwa kimeshaepuliwa. Embe, pera au papai baada ya chakula hufanya vivyo hivyo.

Mjamzito anahitaji miligramu 27 kwa siku. Chakula peke yake hakimfikishi kwa urahisi, ndiyo sababu kliniki humpa vidonge vya chuma na foliki. Na si kila upungufu wa damu wa pwani unatoka kwenye sahani: malaria, minyoo ya safura na selimundu vyote vipo. Mtoto anayekula nyama akabaki mweupe viganjani apimwe damu, asiongezewe nyama tu.

Kwa kilo ile ile ya steki, basi, gramu 700 zilizoiva: kiberiti kimoja kwa mdogo, viwili kwa wa shule, gramu 150 kwa mama akiwa mjamzito au ananyonyesha, na zinazosalia kwa wakubwa watatu, ambao bado wanapata zaidi ya gramu 140 kila mmoja. Cha mtoto kitolewe na kutwangwa kabla sinia la wanaume halijapakuliwa, kwa sababu kikingoja zamu yake, kitakachobaki chunguni ni mchuzi.